Asilimia 20 Iliyokuwa Nzito Kuliko 30

Hotuba kwa wanafunzi wa uchumi na waandishi wa habari za biashara

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi ndugu zetu wa vyumba vya habari mliojiiba kazini mchana huu, salaam.

Nimeombwa nizungumzie mwenendo wa ukosefu wa ajira katika miji midogo. Mada hii ni pana kupita kiasi, na njia rahisi ya kuiharibu ni kupanga miji mia kwenye jedwali na kutafuta wastani wake. Wastani wa miji mia hauishi popote, haulipi kodi ya nyumba, wala haupelekwi nyumbani na msimamizi wa zamu saa nne asubuhi. Kwa hiyo nitauchukua mji mmoja tu, nao ni Elkhart, kaskazini mwa jimbo la Indiana nchini Marekani, karibu kabisa na mpaka wa Michigan. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Takwimu zake hutolewa kila mwezi kwa miaka mingi sasa, na mji wenyewe una kazi moja kubwa. Mji wa kazi moja hauna pa kujificha.

Kwanza tuelewane tunahesabu nini. Wamarekani huliita eneo "mji na viunga vyake" likiwa na kitovu cha watu wasiopungua 50,000, pamoja na kaunti zinazofungamana nacho kwa watu wanaokwenda kazini na kurudi kila siku. Eneo la Elkhart-Goshen ni kaunti moja tu. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta humo watu 207,000 hivi. Ukitoa watoto, wazee na wengine wasiotafuta kazi, unabaki na nguvukazi ya laki moja na kidogo. Ishikeni hiyo laki moja, maana ndiyo siri ya nusu ya mambo nitakayosema. Pointi moja ya asilimia hapo ni watu elfu moja hivi. Mwezi Julai 2008 kampuni ya Monaco Coach ilitangaza kufunga viwanda vyake katika kaunti hiyo, na watu wapatao 1,400 wakapoteza kazi. Tangazo moja la kampuni moja likatosha kupandisha takwimu ya wasio na kazi ya kaunti nzima kwa pointi moja hivi. Watu 1,400 hao hao wangefukuzwa Chicago, takwimu ya Chicago isingestuka.

Kazi kubwa ya Elkhart ni kutengeneza nyumba za magurudumu. Nyingine huendeshwa zenyewe kama basi, nyingine huvutwa nyuma ya gari, na ndani yake mna kitanda, jiko na choo. Wamarekani huzitumia kwa matembezi na kupiga kambi, na wengine, hasa wastaafu, huhamia humo moja kwa moja. Inakadiriwa kwamba takribani nyumba nane katika kila kumi zinazouzwa nchini humo hutengenezwa Elkhart na vitongoji vya jirani. Makao makuu ya Thor yako hapo, Forest River iko hapo, Jayco iko Middlebury, kijiji cha ndani ya kaunti hiyo hiyo. Karibu nusu ya ajira zote za kaunti ni za viwandani, na kati ya watu wazima watano ni mmoja hivi tu mwenye shahada ya chuo kikuu.

Sasa fikirini bidhaa yenyewe. Hakuna mtu duniani anayelazimika kununua nyumba ya magurudumu mwezi huu. Bei yake ni kubwa, hununuliwa kwa mkopo wa benki, na ikishanunuliwa hunywa mafuta. Kwa hiyo mnunuzi huangalia mambo matatu: kazi yake mwenyewe ni salama kiasi gani, riba ni kiasi gani, petroli ni kiasi gani. Moja likiyumba, huahirisha mpaka mwakani. Ndiyo maana wachumi wengi huifuatilia biashara hii kama dalili ya mapema, kwa kuwa mauzo yake huanza kushuka kabla uchumi wa nchi haujaanguka, na huanza kupanda kabla haujainuka. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Elkhart hutegemea mfuko wa mstaafu wa Florida ambaye haujui mji huo hata kwa jina.

Mwaka 2006 viwanda vya Marekani vilisafirisha nyumba za magurudumu zipatazo 390,000 kwa wauzaji. Kisha yakaja yote kwa mpigo: petroli ikapanda mpaka pipa la mafuta ghafi likavuka dola 147 mwezi Julai 2008, benki zikafunga mikopo, thamani ya nyumba za kuishi ikaporomoka na pamoja nayo ujasiri wa watu kukopa. Mwaka 2009 zilisafirishwa 166,000 hivi tu. Zaidi ya nusu ya biashara ilikuwa imeyeyuka katika miaka mitatu.

Takwimu ya ajira ikafuata. Mwishoni mwa 2007 asilimia ya wasio na kazi Elkhart ilikuwa 4.7. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa 15.3. Rais Barack Obama alikuwa hajamaliza mwezi Ikulu alipokwenda kuhutubia huko tarehe 9 Februari 2009, kwa kuwa hakukuwa na mji mwingine nchini uliopoteza ajira kwa kasi ile. Mwezi uliofuata takwimu ilikaribia asilimia 20. Kwa nchi nzima, kilele cha mdororo ule kilikuwa asilimia 10, nacho kilifikiwa Oktoba 2009, miezi saba baada ya Elkhart.

Rukeni sasa hadi Aprili 2020. Korona imeingia, gavana wa Indiana ameamuru watu wakae nyumbani tangu mwishoni mwa Machi, viwanda vimefungwa. Takwimu ya Elkhart inapaa hadi karibu asilimia 30. Kokomo, mji mwingine mdogo wa Indiana unaotengeneza sehemu za magari, ulizidi hapo. Kwa Marekani nzima mwezi huo ilikuwa asilimia 14.7.

Nawauliza ninyi wa vyumba vya habari: ungekuwa na tarakimu hizo mbili mezani, 20 ya mwaka 2009 na 30 ya mwaka 2020, kichwa cha habari kingesemaje? Kingesema hali ya 2020 ni mbaya mara moja na nusu. Na kingekosea kabisa.

Ile 30 ilikuwa ya watu waliosimamishwa kwa muda. Kanuni ya hesabu ya Marekani husema asiye na kazi ni yule ambaye hakufanya kazi katika wiki ya uchunguzi, yuko tayari kufanya kazi, na ametafuta kazi ndani ya wiki nne zilizopita. Lakini ina tundu moja: aliyesimamishwa na anatarajia kuitwa tena huhesabiwa hana kazi hata kama hajatafuta popote. Wafanyakazi wa Elkhart mwezi ule wengi wao walikuwa wamekaa nyumbani wakijua mashine zao ziko pale pale, vifaa vyao viko rafuni, na msimamizi ana namba zao za simu. Tena walikuwa na fedha. Mafao ya kukosa ajira Indiana yalikuwa na ukomo wa dola 390 kwa wiki, na bunge la nchi likaongeza dola 600 kila wiki hadi mwishoni mwa Julai. Mei viwanda vikafunguliwa. Kisha likatokea ambalo wengi hawakulitazamia: ndege hazitamaniki, hoteli zinaogopwa, na Mmarekani mwenye familia akaona njia salama ya kusafiri ni kwenda na kitanda chake. Mwaka 2021 viwanda vilisafirisha nyumba 600,000, idadi ambayo haijawahi kuonekana. Kufikia mwisho wa mwaka huo wasio na kazi Elkhart walikuwa chini ya asilimia 2.

Ile 20 ya 2009 ilikuwa kitu kingine. Hakukuwa na wa kuwapigia simu. Kiwanda kilichofungwa kilikuwa kimefilisika na mashine zake kupigwa mnada. Fundi aliyejifunza kufunga makabati ya nyumba za magurudumu kwa miaka kumi na mitano alibaki na ujuzi ambao mnunuzi wake pekee amekufa. Na hapo ndipo udogo wa mji unapouma, kwa sababu katika jiji kubwa fundi wa makabati hupanda basi akavuka mitaa mitatu hadi karakana nyingine, ilhali Elkhart karakana ya jirani nayo ilikuwa ya nyumba za magurudumu. Muuza vioo aliwauzia wao, muuza magodoro aliwauzia wao, mama wa mgahawa wa asubuhi aliwapikia wao. Anayetaka kuhama auze nyumba yake, na nyumba haina mnunuzi kwa sababu kila mtu anataka kuhama. Anguko la 2020 lilichukua miezi. Lile la 2009 lilichukua miaka kurudi kwenye asilimia 4.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya takwimu ya mji mdogo liwe: kazi imelala au imekufa? Asilimia peke yake haitakuambia. Jedwali la walioachishwa kwa muda na walioachishwa moja kwa moja litakuambia zaidi, lakini kwa mji mdogo jedwali hilo mara nyingi halipo, na itabidi uende ukaulize kama mashine bado ziko ndani. Nasema hivi kwa waandishi hasa. Hiyo ni kazi ya miguu.

Nigusie inavyopikwa takwimu yenyewe, maana nimeona watu wakigombana kwa tofauti ya nukta tatu. Kwa nchi nzima, serikali huhoji kaya zipatazo 60,000 kila mwezi. Gawanyeni hizo kwa nchi ya watu zaidi ya milioni mia tatu, muone Elkhart inaangukiwa na ngapi: makumi machache tu. Huwezi kupima mji kwa kaya hizo. Hivyo takwimu ya mji mdogo hujengwa kwa makadirio, kwa kuchanganya idadi ya waliodai mafao, hesabu za waajiri, na kuzioanisha na jumla ya jimbo. Kisha husahihishwa mwaka unaofuata, wakati mwingine kwa kiasi kisicho kidogo. Anayeandika kwamba ukosefu wa ajira "umeshuka kutoka 4.3 hadi 4.1" katika mji wa namna hii anaripoti vumbi.

Tena kuna msimu. Yuma, Arizona, hulima letusi na mboga nyingine wakati wa baridi, hivyo ikifika Julai mashamba yamelala na takwimu yake hupaa, bila mtu yeyote kushtuka. Ames, Iowa, ni mji wa chuo kikuu, na takwimu yake hukaa chini mwaka nenda mwaka rudi. Ukilinganisha Yuma ya Julai na Ames ya Julai hujapima chochote isipokuwa tofauti kati ya shamba na darasa. Mji mdogo ulinganishwe na wenyewe, mwezi ule ule wa mwaka uliopita. Sitasema zaidi juu ya hilo, mmelisoma darasani.

Ambalo pengine hamkulisoma ni suala la nani anahesabiwa wapi. Ajira huhesabiwa zilipo, kwa mahali pa kazi. Asiye na kazi huhesabiwa anapolala. Viwanda vya Elkhart huvuta watu kutoka South Bend, kutoka LaGrange, kutoka ng'ambo ya mpaka wa Michigan, kiasi kwamba nyakati njema kaunti huwa na ajira nyingi kuliko wakazi wake walio kazini. Kiwanda kikifunga mlango, sehemu ya maumivu hupanda magari na kwenda kuonekana kwenye takwimu za kaunti nyingine. Kwa maana hiyo hata ile 20 ya 2009 haikuwa hesabu kamili ya kilichopotea Elkhart.

Na wapo Waamish. Hawa ni Wakristo ambao kwa imani yao hawamiliki magari na hawaungi nyumba zao kwenye umeme wa gridi. Jamii yao ya Elkhart na LaGrange ni miongoni mwa zilizo kubwa zaidi Marekani. Mashamba hayatoshi tena kwa watoto wao, hivyo wanaume wengi hufanya kazi kwenye viwanda vya nyumba za magurudumu. Mtu asiyemiliki gari anafunga taa na friji ndani ya basi la starehe la mtu mwingine, kisha jioni anarudi kwake alikowasha taa ya gesi. Dunia ina mambo. Kwa hoja yangu, jambo lenye uzito ni kwamba wengi wao kwa mila ya kanisa hawapendi kupokea mafao ya serikali. Nimesema sehemu ya takwimu hujengwa kwa idadi ya waliodai mafao. Asiyedai hufifia.

Kuna na wanaofifia kwa kukata tamaa. Chukueni watu mia: 85 wana kazi, 15 wanatafuta. Hiyo ni asilimia 15. Watano kati ya wanaotafuta wakichoka, wakaacha, wanatolewa kwenye nguvukazi. Wamebaki 95, wanaotafuta 10, asilimia 10 na nusu. Takwimu imeshuka kwa pointi zaidi ya nne na hakuna hata mmoja aliyepata kazi. Kwa hiyo msiniletee asilimia bila ukubwa wa nguvukazi kando yake. Aliyehamia jimbo jingine naye huishusha vivyo hivyo.

Je, mji haukujaribu kutoka kwenye kazi moja? Ulijaribu. Agosti 2009 Obama alirudi kwenye kaunti hiyo, Wakarusa, akatangaza fedha za serikali kwa ajili ya magari ya umeme, dola milioni 39 zikienda kwa Navistar itengeneze malori madogo ya umeme pale pale palipokuwa pa Monaco. Kampuni ya Think kutoka Norway nayo ikaahidi mwaka 2010 kuunganisha magari madogo ya umeme Elkhart na kuajiri mamia. Think ilifilisika mwaka 2011. Malori ya Navistar hayakudumu. Wapo wanaosema hiyo inathibitisha serikali haiwezi kuchagua viwanda. Mimi naona jambo la kawaida zaidi: magari ya umeme ya mwaka 2010 yalikuwa bado hayana wanunuzi, na mji uliokuwa ukizama ulishika kilichokuwa karibu. Kilichouinua mwishowe ni ile ile biashara ya zamani, riba iliposhuka na wastaafu wakarudi madukani. Kabla ya nyumba za magurudumu Elkhart iliwahi kuwa mji wa tarumbeta, kampuni ya Conn ikitengeneza ala za bendi tangu miaka ya 1870. Iliwahi pia kuwa mji wa dawa, Miles Laboratories ikiuza Alka-Seltzer kuanzia 1931, hadi Bayer ya Ujerumani ilipoinunua miaka ya mwisho ya 1970 na baadaye kazi nyingi kuhamishwa. Kwa hiyo siamini kwamba mji umelaaniwa kuwa na kazi moja milele. Ila hubadilika kwa vizazi, na rais hukaa miaka minne, au minane.

Marais lakini hawasubiri vizazi. Juni 2016 Obama alirudi Elkhart, takwimu ikiwa karibu asilimia 4, akasema mnaona sera zangu. Mei 2018 Donald Trump alifanya mkutano huko, takwimu ikiwa karibu asilimia 2, naye akajisifu. Kaunti yenyewe huwapigia kura wagombea wa chama cha Republican, si chama cha Obama, kwa wingi, akiwapo Obama au asiwepo. Sikatai kwamba fedha za 2009 zilisaidia. Nasema tu kwamba anayetaka kukisia takwimu ya Elkhart ya mwakani afungue ukurasa wa riba kabla ya kusoma hotuba ya Ikulu.

Na riba ndiyo inanifikisha kwenye jambo la mwisho, ambalo naliona gumu kuliko yote. Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilianza kuipandisha kutoka karibu na sifuri, na kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Usafirishaji wa nyumba za magurudumu ukaanguka kutoka 600,000 za 2021 hadi 313,000 hivi mwaka 2023. Karibu nusu imekwenda, anguko linalokaribia lile la 2006 hadi 2009. Mngetarajia asilimia 15, labda 18. Takwimu ya mwaka 2023 ilibaki chini ya asilimia 5.

Waajiri walikuwa wamejifunza. Mwaka 2018 na 2021 waliteseka kutafuta watu, mfanyakazi akiacha kiwanda asubuhi na kuajiriwa ng'ambo ya barabara mchana. Safari hii hawakutaka kumwachia mtu wasije wakamkosa tena. Wakapunguza siku. Kiwanda kikafungua siku nne, kingine tatu, kingine kikalaza mashine wiki nzima ya sikukuu na kuongeza nyingine. Kwa kanuni ya hesabu, aliyefanya kazi ya kulipwa hata saa moja katika wiki ya uchunguzi ana kazi. Na viwandani humo wengi hulipwa kwa kadiri ya nyumba zinazotoka mlangoni, hivyo siku mbili zikikatwa, mkate unakatwa zaidi ya siku mbili. Mtu huyo ana kazi, kitambulisho cha kiwanda kiko shingoni, takwimu inamhesabu mzima, na kodi ya nyumba ya mwezi hajailipa.

Kwa mji wa namna hii, tangu 2022 mimi huangalia kwanza wastani wa saa za kazi kwa wiki, kisha idadi ya nyumba zilizosafirishwa, na asilimia ya wasio na kazi huja ya tatu. Wenzangu wengine hawakubaliani na mpangilio huo, na naona mmoja wao ameketi safu ya mbele akiwa ameshika kalamu kwa hasira. Mwenyekiti, tumpe kipaza sauti yeye kwanza.